Tetesi za tiba zilikuwepo kabla ya simu janja

Dhana: Simu janja ndiyo iliyotuletea uzushi wa tiba.

Ukweli: Mwaka 2011, wakati Watanzania wengi bado walikuwa na simu za kupiga na kutuma ujumbe mfupi tu, maelfu ya watu, wengine wakitoka nchi jirani, walimiminika kijijini Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, iliyosemekana kuponya magonjwa sugu, kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilienda kilomita nyingi, wapo wagonjwa waliofia njiani, na wapo waishio na virusi vya UKIMWI walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Magazeti na redio vilichangia, lakini kilichoipa habari ile nguvu ni ushuhuda wa jirani aliyerudi akisema sukari imeshuka. Ujumbe wa sauti unaozunguka leo katika makundi ya WhatsApp hupita njia hiyohiyo: tunauamini kwa kuwa umetumwa na shangazi, ilhali aliyeurekodi hatumjui, na pengine shangazi naye hamjui.

Dhana: Anayetafuta tiba mtandaoni haulizi watu.

Ukweli: Mtu yuleyule humuuliza mama mkwe asubuhi, akaperuzi mchana, na jioni akasimama kwenye dirisha la duka la dawa.

Dhana: Muuza dawa akishasikia dalili, anajua ugonjwa.

Ukweli: Wengi wetu humwita “dokta”, na heshima hiyo haina ubaya. Maduka ya Dawa Muhimu, yaliyoanza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, yana wahudumu waliopewa mafunzo, na vijijini mara nyingi ndiyo yaliyo karibu kuliko zahanati. Hata hivyo, kuuza dawa ni kazi moja na kutambua ugonjwa ni nyingine. Homa ya mtoto yaweza kuwa malaria, nimonia au maambukizi ya njia ya mkojo, na kwa macho hazitofautiani kirahisi. Ndiyo maana tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, kwa hadubini au kwa kipimo cha haraka, ndipo apewe dawa. Antibayotiki nazo, ambazo wateja huziagiza kwa kutaja rangi ya vidonge, haziui virusi vya mafua hata zikinywewa dozi nzima.

Dhana: Daktari huudhika ukimweleza ulichosoma.

Ukweli: Wapo wanaokunja uso, hilo sitalikana. Lakini maelezo ya mgonjwa hayakamiliki bila kutaja alichosoma, na zaidi alichokunywa, mwarobaini na mizizi ikiwemo, kwa sababu baadhi ya mitishamba huongeza au kupunguza nguvu ya dawa za hospitali, na anayeficha huandikiwa dozi kana kwamba hajanywa kitu.