Andapedi hulinda godoro, ngozi ya mgonjwa inakuhitaji wewe

Familia nyingi hukutana na andapedi kwa mara ya kwanza siku mgonjwa wao anaporuhusiwa kutoka hospitali. Mzee amepata kiharusi, upande mmoja hauna nguvu, na kwenye karatasi ya mahitaji kumeandikwa pampasi za watu wazima, glavu na andapedi. Mnanunua pakiti ya kumi duka la dawa la karibu, mnapanda gari, mnaondoka. Mara nyingi hakuna aliyewaonyesha zinavyotumika. Sisi tunaohudumia wagonjwa majumbani tunapokuja kumtembelea mzee, tunamkuta amelazwa juu ya pedi tatu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Godoro ni kavu kabisa, shuka ni safi, na pale kwenye mfupa wa mkia kidonda kimeshaanza.

Andapedi ni ile pedi pana ya kutandika kitandani, inayotumika mara moja na kutupwa. Kubwa zake huwa na upana wa sentimita 60 na urefu wa 90. Imetengenezwa kulinda godoro. Ngozi ya mgonjwa inaweza kuungua kwa unyevu juu ya pedi ghali kuliko zote, kama hakuna anayeigusa pedi hiyo kuangalia imelowa kiasi gani.

Ukiichana moja utaona ilivyo. Juu kuna kitambaa laini kinachopitisha maji, katikati kuna nyuzi za mbao zilizotifuliwa kama pamba, na chini kuna plastiki. Zilizo nzuri zina pia punje nyeupe ndani ya zile nyuzi, ambazo zikilowa hugeuka kuwa ute mzito na kuushikilia mkojo usirudi juu. Punje hizo hunyonya maji matupu mara mia kadhaa ya uzito wake. Mkojo una chumvi, na chumvi huzipunguzia nguvu sana, kwa hiyo msitegemee maajabu ya kwenye matangazo. Zile za bei ya chini sana hazina punje hizo kabisa. Mkojo huingia vizuri, lakini mgonjwa akigeuka uzito wake huukamua na kuurudisha kwenye ngozi.

Kabla hujanunua nyingi, jaribu moja. Koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye robo lita ya maji, ambayo inakaribia kiasi ambacho mtu mzima hukojoa kwa mara moja. Mwagia katikati ya pedi, subiri dakika chache, kisha kandamiza kwa karatasi kavu ya chooni. Karatasi ikitoka imelowa chepechepe, hivyo ndivyo makalio ya mama yako yatakavyokuwa usiku kucha.

Sasa namna ya kuitandika. Upande wa plastiki uende chini, na pedi ianzie kiunoni iishie katikati ya mapaja, bila mikunjo. Tandika moja tu. Najua kwa nini watu hupanga tatu: wanataka usiku wachomoe ya juu wakute nyingine tayari. Lakini kila tabaka la plastiki huzuia hewa na kuongeza joto na jasho, na kama mmejitahidi mkapata lile godoro la upepo la kuzuia vidonda, matabaka hayo yanaliondolea kazi yake. Kwa mgonjwa asiyetoka kitandani, wakati amelala mnaweza kumfungulia pampasi na kumwacha juu ya andapedi moja ili ngozi ipate hewa.

Kubadilisha hakuhitaji kumnyanyua mtu. Mlaze ubavu akuelekee, sukuma pedi chafu ikiwa imekunjwa hadi mgongoni kwake, safisha na kukausha, kisha tandaza pedi safi ambayo nusu yake umeikunja kuingia chini yake. Mgeuze upande wa pili, vuta chafu, nyoosha safi. Usimburute kwa kuishika pedi hata siku moja, kwa sababu itachanika na ngozi yake itachubuka. Kwa kazi ya kumsogeza tumia shuka au khanga iliyokunjwa, na mshike watu wawili.

Mgeuze kila baada ya saa mbili hivi, na kila ukimgeuza, angalia. Vitabu vingi vinasema mtafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Tafuta sehemu iliyoiva kuwa nyeusi zaidi au ya zambarau kuliko ngozi ya jirani, iliyo ya moto, ngumu au bonyebonye. Tazama mfupa wa mkia, nyonga na visigino. Ukiona sehemu ya namna hiyo, usiisugue. Mwondolee uzito pale na utupigie simu kabla haijafunguka. Baada ya haja kubwa safisha mara moja, kwa sababu kinyesi hula ngozi haraka kuliko mkojo, kausha kwa kugusagusa, kisha paka krimu yenye zinki kwa kiasi kidogo. Mafuta mazito ya mgando yakipakwa kwa wingi huganda juu ya pedi, ikashindwa kunyonya.

Kuhusu gharama, sitaki mtu akope kwa ajili ya andapedi. Mpira wa kitandani uliofunikwa kwa khanga za pamba zilizokunjwa, zinazofuliwa na kuanikwa juani, unafaa kabisa mchana wakati mpo macho na mnaweza kubadilisha. Za kutupa ziwekeni kwa ajili ya usiku, safari na siku za kuharisha. Mpira usiguse ngozi moja kwa moja.

Nje ya kitanda cha mgonjwa, andapedi zina kazi nyingine nyingi. Ni nzuri chini ya mguu unapooshwa kidonda cha kisukari, chini ya mtoto anapobadilishwa nepi ugenini, na kwenye kiti cha gari kwa anayetapika safarini. Kwa kichanga, iondoe baada ya kumbadilisha. Asilale juu ya plastiki inayoweza kumfunika uso, na pedi iliyochanika isibaki karibu na mtoto anayetia kila kitu mdomoni.

Mama mjamzito anaweza kuweka mbili tatu kwenye mkoba wa kujifungulia pamoja na khanga, pamba na mpira. Chupa ikipasuka njiani atajisitiri. Baada ya kujifungua, hata hivyo, pedi hii inahitaji jicho kali, kwa sababu hunywa damu nyingi bila kuonyesha wingi wake. Kupoteza damu kufikia nusu lita baada ya kujifungua kwa kawaida ni hatari, na macho ya binadamu hukadiria chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha hospitali za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini na zaidi ya wanawake 200,000, ulitumia mfuko wenye alama za vipimo uliowekwa chini ya mama, pamoja na matibabu yanayotolewa kwa mpigo. Kuvuja damu kukali na madhara yake makubwa kulipungua kwa asilimia 60. Nyumbani hamna mfuko huo, basi msitupe pedi kabla mtu mzima hajaiona. Pedi ya uzazi ikilowa chapachapa ndani ya saa moja, yakitoka mabonge makubwa, au mama akisikia kizunguzungu, rudini hospitali saa hiyo hiyo.

Kwa mtoto anayekojoa kitandani, andapedi chini ya shuka inaokoa godoro, na mara nyingi inamwokoa mtoto na fimbo. Takriban watoto 15 kati ya 100 wenye umri wa miaka mitano bado hukojoa usiku. Si uvivu wala ukaidi, na kumchapa au kumwanikia godoro barabarani kunamwongezea hofu tu. Mpe maji ya kutosha mchana, punguza jioni, hakikisha hafungi choo. Lakini mtoto aliyekwisha kuacha akaanza tena, hasa akiwa anakunywa maji mno na kukonda, apimwe sukari na mkojo bila kuchelewa.

Hilo la kupima nalisisitiza kwa watu wazima pia, kwa sababu pedi inaweza kuficha ugonjwa unaotibika. Mzee wa kiume anayevuja matone mchana na usiku huenda kibofu chake kimejaa hadi pomoni kwa sababu tezi dume imeziba njia. Huyo anahitaji mpira wa mkojo na daktari, na akicheleweshwa figo zinaumia. Mwanamke anayevuja mkojo mfululizo tangu uchungu wa muda mrefu wa kujifungua huenda ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Wapo wanaojificha nayo kwa miaka, wakiganga kwa vitambaa na pedi. Fistula nyingi hutibika kwa upasuaji, na hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam imekuwa ikitoa matibabu hayo bila malipo. Na kwa yeyote anayevuja, msimnyime maji ili asilowe. Mkojo mzito huwasha ngozi na kibofu zaidi.

Andapedi ikishatumika, kinyesi kidondoshwe chooni kwanza, kisha pedi ikunjwe upande uliolowa ukiwa ndani, iwekwe kwenye pakiti ilimotoka na kupelekwa kwenye taka. Isitupwe kwenye choo cha kuvuta wala cha shimo. Zile punje huvimba, bomba likaziba au shimo likajaa kabla ya wakati. Isichomwe uani, kwa kuwa moshi wa plastiki unawaingia watoto kifuani. Pasipo gari la taka, chimba shimo refu mbali na kisima na ufukie kila mara. Pia usimwagie Jik pedi iliyolowa mkojo ukiwa chumbani: hutoa hewa kali inayochoma macho na mapafu, na mgonjwa wako hawezi kuinuka akaikimbia.