Peptidi za Wadudu na Fangasi ya Kandida: Maswali na Majibu

Kwa nini dawa ya fangasi itafutwe kwa wadudu?

Mdudu hana kingamwili kama zetu, na bado hukulia katika samadi na matunda yaliyooza pasipo kuoza pamoja nayo. Mojawapo ya ngao zake ni peptidi, yaani minyororo mifupi ya asidi amino, ambazo mwili wake humimina katika damu saa chache baada ya kuvamiwa na vijidudu. Sekropini, inayotokana na nondo, ilielezwa na kundi la Hans Boman nchini Uswidi mwaka 1981.

Peptidi hizo huifanya nini seli ya fangasi?

Kandida, inayoleta madoa meupe kinywani na muwasho ukeni, ni jamaa ya hamira inayoumua mandazi katika vibanda vya Nairobi. Chini ya ukuta wa seli yake pana utando mwembamba wa mafuta, ambao ndio mlinzi wa kila kinachoingia na kutoka. Uso wa seli hiyo una chaji hasi, ilhali sekropini ina chaji chanya, kwa hiyo huvutwa kuuelekea. Ikiwa majini mnyororo huo hulegea tu. Ukigusa utando hujisokota kama springi, upande mmoja ukipenda maji na mwingine mafuta, na upande wa pili hujizamisha katika utando. Zikikusanyika nyingi, utando hutoboka, potasiamu huvuja, na seli hufa. Si peptidi zote zinazotoboa hivyo. Nyingine hushika aina fulani ya mafuta ya fangasi na kuvuruga ukuaji wake.

Mbona hazitoboi seli zetu?

Baadhi hutoboa. Melitini ya sumu ya nyuki, yenye asidi amino 26, hupasua hata chembe nyekundu za damu. Zile zinazotuacha salama kwa sehemu kubwa hufanya hivyo kwa kuwa uso wa nje wa utando wetu hauna chaji hasi nyingi, tena una kolesteroli, si ergosteroli, yaani mafuta yanayochukua nafasi yake katika utando wa fangasi.

Basi nikila kumbikumbi nitapona?

La. Tumbo humeng'enya peptidi hizo kama protini ya maharagwe. Fangasi inayorudi mara kwa mara ipelekwe kliniki, kwani huenda nyuma yake kuna kisukari au virusi vya ukimwi, na vipimo vya yote mawili hupatikana huko.