"Nitarudi Mazoezini Mitihani Ikiisha": Maswali Ninayoulizwa na Wanachuo

Wiki chache kabla ya mitihani, benchi la zahanati ya chuo hujaa. Kichwa kinauma, usingizi hauji, shingo imekaza, moyo unakwenda mbio. Nikimuuliza mgonjwa ni lini mara ya mwisho alitoka jasho kwa mazoezi, hutazama chini. Kisha huja sentensi ileile: "Nimeacha kidogo, nitarudi mitihani ikiisha."

Mazoezi ni yapi? Lazima niwe mwanamichezo?

Si lazima. Ni shughuli yoyote ya mwili inayokufanya upumue kwa kasi kuliko ulivyokuwa umekaa: kutembea kwa haraka, kupanda ngazi, kuruka kamba, kucheza muziki chumbani. Michezo ya timu ina faida ya ziada, nayo ni watu. Mwaka wa kwanza chuoni wengi huwa wapweke kuliko wanavyokiri, na timu ya netiboli au kandanda inakupa wenzako watakaouliza uko wapi usipoonekana. Faida hiyo haipatikani kwa kidonge.

Kiasi gani kinatosha?

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wa miaka 18 hadi 64 wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Ya wastani ni yale ambayo ukiyafanya unaweza kuongea lakini huwezi kuimba.

Mitihani imebaki wiki mbili. Si afadhali niache mazoezi nisome?

Hapana. Mwili unaposhughulika, moyo husukuma damu zaidi na ubongo nao hupata sehemu yake. Ndiyo maana mtu akitoka kutembea kwa kasi huona umakini umerudi. Usiku unalala mapema zaidi na usingizi unakuwa mzito, na ni usingizini ndipo ubongo unapoyapanga na kuyahifadhi uliyosoma mchana. Ukiacha mazoezi unaharibu usingizi, na ukiharibu usingizi unapoteza yale uliyokesha kuyasoma. Nimewaona wengi wakisoma ukurasa mmoja mara nne na wanadhani wanajituma.

Lakini kweli sina muda.

Bado nasema hapana. Dakika 150 ukizigawa kwa siku 7 ni kama dakika 22 kwa siku. Si lazima uzimalize kwa mkupuo. Dakika 5 hapa na 10 pale zote zinahesabika. Panda ngazi badala ya lifti. Kila baada ya saa moja ya kusoma, simama na utembee. Kariri ukiwa unatembea. Na tafadhali fungua simu yako uone imekaa mkononi saa ngapi jana, halafu turudi kwenye suala la muda.

Vinywaji vya kuongeza nguvu si vinatosha kuniweka macho?

Vinakuweka macho, havikupi nguvu. Kafeini, kichangamshi kilichomo ndani yake, huziba njia ambazo mwili hutumia kukuambia umechoka. Uchovu wenyewe upo palepale. Kwa mtu mzima, nusu ya kafeini huwa bado mwilini baada ya saa 5 hivi: ukinywa saa mbili usiku, saa saba usiku nusu yake ingali inafanya kazi. Ndipo naletewa mtu ambaye moyo unamdunda, mikono inatetemeka, anaomba dawa za usingizi. Wengine wameshazinunua bila kuandikiwa na mtu yeyote. Kopo la kukesha jioni, kidonge cha kulala alfajiri! Acheni hili. Nalisema kwa upole kila siku zahanati, leo nalisema kwa sauti: acheni. Nenda ukatembee nusu saa jioni, kisha ulale.

Naweza kufanya mazoezi nikiwa kwenye hedhi?

Ndiyo, na kwa wengi maumivu hupungua. Maumivu yanayokuzuia kwenda darasani kila mwezi si ya kuvumilia, njoo uonwe.

Mazoezi yanasaidia msongo wa mawazo na huzuni?

Yanasaidia sana, tena sio siku unazojisikia vizuri tu. Lakini huzuni ikidumu wiki mbili, ukakosa hamu hata ya vitu ulivyovipenda, mazoezi peke yake hayatoshi. Zungumza na mshauri wa chuo au mhudumu wa afya. Na ukianza kufikiria kujidhuru, usilale nayo usiku huo. Mwambie mtu sasa hivi na uende hospitali.

Mitihani imeisha. Nirudi vipi?

Polepole. Aliyekaa miezi miwili bila kusogea anaingia uwanjani saa tatu mfululizo ili kufidia, kisha naletewa mtu asiyeweza kukunja mguu. Anza na nusu ya ulichokuwa ukifanya zamani, uongeze wiki hadi wiki. Misuli ikiuma kupita kawaida na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, nenda hospitali siku hiyohiyo, na usimeze dawa za maumivu kwanza, kwa sababu baadhi yake huziumiza figo ambazo tayari zimeelemewa. Kama usingeacha, tusingefika hapa.

Nimepata maumivu ya kifua nikicheza, au nimezimia kidogo, ila sasa najisikia vizuri. Nimalizie mechi?

Hapana. Toka uwanjani. Kuzimia wakati mwili unakimbia si sawa na kizunguzungu cha kusimama ghafla. Moyo unapaswa kupimwa, na kipimo cha umeme wa moyo huchukua dakika chache tu. Usimwagiwe maji ukarudi kucheza. Usisubiri kesho.

Na mwenzetu akianguka, haitiki wala hapumui kawaida?

Msimpepee wala kumnywesha chochote. Mmoja apige simu kuomba msaada, mwingine akaulizie kifaa cha kushtua moyo kama chuo kinacho, na mwingine aanze papo hapo kukandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na kwa kasi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Akichoka apokewe, bila kuacha, mpaka msaada ufike.