Albamu za miaka ya themanini ambazo ukizipiga leo hazinuki vumbi

Wiki mbili zilizopita dogo mmoja kaja studio na flashi yake, anataka nimpigie miksi wimbo "uwe na ile ladha ya eitizi", yaani miaka ya themanini. Nafungua projekti nakuta treki 61, yaani sauti 61 zimepangwa juu ya nyingine, na snea, ile ngoma ya dramsi yenye mlio mkali, kaimwagia mwangwi mrefu kiasi kwamba pigo la pili linafika la kwanza bado halijaondoka. Nikamuuliza, mdogo wangu, eitizi ipi? Maana mi kwenye hii kazi nimesikiliza sana muziki wa miaka ile na naona zipo mbili, kuna ile ukiisikia unaona mabega ya koti yenye sponji, na kuna nyingine ukimpigia mtu bila kumwambia mwaka anadhani imetoka juzi. Na zote zimetengenezwa miaka ileile, mara nyingine kwa mashine zilezile.

Tuanze na hiyo snea. Mwaka 1979, studio ya Townhouse, London, mwimbaji Mwingereza Peter Gabriel anarekodi albamu yake ya tatu, iliyotoka 1980, prodyuza Steve Lillywhite, fundi mitambo Hugh Padgham, kwenye dramsi kamwita Phil Collins, halafu kapiga marufuku matoazi, hakuna kugusa. Sasa kwenye kile chumba kulikuwa na maiki inaning'inia juu, haikuwa ya kurekodi kabisa, kazi yake mafundi walioko upande wa pili wa kioo wasikie wanamuziki wanasema nini. Na kwa kuwa kuna anayenong'ona na kuna anayepiga kelele, ilifungiwa kompresa kali sana, kifaa cha kubana sauti kubwa na kuinua ndogo. Collins akawa anapiga huku maiki ile imewashwa, dramsi ikatoka kama ghorofa linaanguka. Watu wakatazamana. Ikabidi mafundi waingie kwenye miksa na kuunga nyaya upya ili ile maiki irekodiwe, kisha likawekwa geti.

Geti la sauti ni kama geti la nyumbani tu, sauti ikiwa kubwa linakaa wazi, ikishuka chini ya kiwango ulichoweka linajifunga. Kwa hiyo unasikia chumba kizima kinalia, puuh, halafu ghafla kimya kama TANESCO wamekata. Sikiliza "Intruder", wimbo unaofungua hiyo albamu. Mpaka leo inatisha, kwa sababu juu hakuna matoazi yanayopiga sshhh muda wote, geti likifunga kinabaki kimya cha kweli na hapo ndo woga unaingia.

Waliokuja nyuma wakachukua geti wakaacha kimya. Makampuni yakaifungia ile sauti ndani ya mashine, unabonyeza kitufe unaipata, na ilivyofika katikati ya miaka ya themanini kila mtu anayo, hadi nyimbo za mahaba, snea inalia kama mlango wa kontena juu ya vinanda, magitaa, kwaya, sijui nini. Hiyo ndo eitizi ya dogo. Kinanda cha Yamaha DX7 nacho, kilitoka 1983, yaleyale: sauti ile ya piano ya kielektroniki iliyokuja nayo kutoka kiwandani watu waliitumia ilivyo bila hata kuigusa, leo ukiisikia sekunde mbili tu unataja mwaka.

Sasa nikamuwekea dogo "Billie Jean" ya Michael Jackson. Najua, kila mtu anaijua, ndo shida yake, tumeisikia sana mpaka hatuisikilizi. Albamu ni Thriller, 1982, Quincy Jones prodyuza, Bruce Swedien fundi mitambo, studio ya Westlake, Los Angeles. Swedien alitaka dramsi ambayo ukisikia mapigo mawili tu ushajua wimbo gani, kwa hiyo akatengenezewa jukwaa la mbao la kukalisha dramsi isitetemeshe sakafu, akaishonea kiki (ile ngoma kubwa ya dramsi inayopigwa kwa mguu, sio ya mitandaoni) koti zito lenye tundu la kupitisha maiki, hata kati ya snea na hai-hati, yale matoazi mawili ya mguu, akaweka kipande cha ubao ili sauti zisiingiliane. Aliyepiga ni binadamu, Ndugu Chancler, Mmarekani, na ndiyo, Ndugu kwa maana yetu hiihii, jina alilopewa enzi anapiga na mpiga piano wa jazi Herbie Hancock aliyekuwa anajiita Mwandishi. Baadhi ya sauti zake za kuongezea juu, Michael aliimba kupitia bomba refu la karatasi ngumu. Hebu fikiria, bajeti yote ile, bomba la karatasi! Na miksi Swedien mwenyewe alisimulia ilifika ya 91, wakarudi kusikiliza ile ya pili, wakaichukua hiyohiyo ya pili.

Ila kitu ambacho wengi hawakijui kuhusu hiyo albamu ni suala la santuri. Upande mmoja wa santuri ukiujaza dakika nyingi, mifereji inabidi ibanane, ikibanana sauti inashuka na besi ndo inaumia kwanza, kwa kuwa besi inahitaji mfereji mpana. Walipomaliza Thriller wakaisikiliza kwenye santuri ikawa nyembamba, haina nguvu, ikabidi warudi kupunguza na kupiga miksi upya, wimbo mmoja mmoja. Yaani plastiki ndo iliwalazimisha kuamua kipi kina umuhimu. Sisi leo kompyuta haitulazimishi chochote, ndo unakuta treki 61.

Lakini ukiniuliza mimi binafsi, albamu ya muongo ule ninayojaribia spika mpya ni Nightclubbing ya Grace Jones, 1981. Imerekodiwa Compass Point, studio ya Chris Blackwell, nje kidogo ya Nassau, Bahamas, na alichofanya Blackwell ni kukusanya watu ambao kwenye karatasi hawaendani: Sly Dunbar na Robbie Shakespeare, dramsi na besi, Wajamaika, Wally Badarou kwenye vinanda, mzaliwa wa Paris mwenye asili ya Benin, Barry Reynolds gitaa kutoka Uingereza, Sticky Thompson kwenye pakashini, yaani ngoma na njuga za mkono. Blackwell kasimulia kwamba walipoanza alitundika picha kubwa ya Grace ukutani akawaambia nataka muziki unaofanana na hii. Halafu wakapiga pamoja, chumba kimoja, na Alex Sadkin, prodyuza mwenzake Blackwell, akaziacha sauti kavu. Kavu kabisa, besi ya Robbie iko mbele kama mtu amekaa mezani kwako, kila chombo unaweza kukinyooshea kidole. Sikiliza vinanda vya Badarou, anaingia, anasema neno moja, anatoka.

Sade, Diamond Life, 1984, prodyuza Robin Millar, hiyo hata sina haja ya kueleza sana, karibu kila nyumba niliyokulia jirani ilikuwa na kaseti yake. Angalia mwaka tu. Ni 1984, wenzao wote wamekaba na mageti, wao tumba, besi, saksafoni na sauti ya dada iko karibu na sikio kama anakuongelesha kwenye simu.

Soro ya Salif Keita, mwimbaji wa Mali, 1987, Paris, nitatofautiana na wengi. Sauti ya mzee haina mwaka, ila vile vinanda vimebaki 1987 palepale. Naipenda bado.

Na sasa kichekesho. Huyuhuyu Gabriel wa geti ndo aliyekuja kuanzisha na wenzake lebo ya Real World, na mwaka 1989 wakatoa Songs for the Poor Man ya Dr. Remmy Ongala na Super Matimila. Ningetegemea wangemvalisha Remmy koti la sponji. Wapi! Magitaa yamesimama kila moja na sehemu yake, solo linaongea ridhimu inaitikia, unazifuata nyuzi hadi mwisho bila kupotea. Ni upangaji uleule wa dansi letu ambao RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam) walikuwa wanaurekodi bendi nzima ikipiga kwa pamoja, tofauti hapa maiki ni nyingi na kanda ni safi.

Kama utazitafuta hizi, epuka matoleo mapya yaliyopandishwa ukubwa wa sauti baadaye, wamebana mpaka kiki na kimya vimelingana urefu. Chukua CD ya zamani ukiipata, pandisha volyumu mwenyewe.

Dogo jana kanitumia projekti yake upya. Treki zimebaki 19. Mwangwi kwenye snea bado upo, kasema huo hatoi ng'o, basi nimemwambia aje Jumamosi tujadiliane.