Swali lisilopanda

Mgonjwa aliyetolewa zoloto, kiungo cha sauti kilichomo kooni, kwa sababu ya saratani hudhani amepoteza maneno. Maneno anayo, ulimi, midomo na meno viko salama. Kilichoondoka ni chanzo cha mlio, zile nyuzi mbili zinazotetemeka kama mara 120 kwa sekunde kwa mwanamume, na 200 hivi kwa mwanamke.

Bila mlio huo hakuna kiimbo, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, na Kiswahili hukitegemea mno. "Ametoka shule" na "Ametoka shule?" hazitofautiani hata kwa herufi moja. Sasa mpe mtu kile kifaa cha betri cha kubana chini ya taya, kinachonguruma kwa mlio mmoja. Anamuuliza mkewe kama mtoto ametoka shule, mkewe anajibu "Haya," na kuendelea kukatakata sukuma wiki. Ndiyo maana huwafundisha wagonjwa wangu kuanza swali kwa "je" au "eti", hata kama nyumbani hawasemi hivyo. Viko vifaa vyenye kitufe cha kupandisha sauti, lakini kidole huchelewa kukizoea.

Koo likiruhusu, mimi hupendelea vali ya silikoni, njia iliyoletwa na Mark Singer na Eric Blom wa Marekani mwaka 1980. Hukaa kati ya njia ya hewa na umio, yaani njia ya chakula. Mgonjwa huziba tundu la shingoni analopumulia kwa kidole gumba, pumzi hupita kwenye vali, na ukuta wa umio ndio unaotetemeka. Sauti hukwaruza, ila hupanda na kushuka. Wanawake hulalamika kwamba kwenye simu wanaitwa "mzee", na wana haki. Tena kuvu huiota vali. Ikianza kuvujisha chai, mtu anakohoa, na inabidi ibadilishwe.

Huulizwa pia kuhusu yule mwanamke wa Kanada aliyepooza, ambaye mwaka 2023 elektrodi zilisoma ubongo wake na kompyuta ikasema kwa sauti iliyoigwa kutoka rekodi ya harusi yake. Hayo bado ni ya maabara. Rekodi ya sauti yako, hata hivyo, unaweza kuifanya leo, kabla ya upasuaji. Funga madirisha, kaa mbali na honi za matatu. Usisome gazeti: piga stori, gombana kuhusu nauli, changanya Sheng na lugha ya mama kama kawaida yako, maana programu ya kuiga sauti iliyolishwa Kiswahili cha taarifa ya habari itakurudishia mtangazaji. Kisha watumie ndugu wawili nakala. Simu za Nairobi huibwa.