Ufunguo wa umma maana yake nini, na huyu Clifford Cocks ni nani

Juzi mjomba kashuka toka Newala kaja hapa Mtwara mjini, kakaa kibarazani na simu yake afu ananiuliza, "Mpwa, hiki kikufuli hapa WhatsApp wanasema meseji zetu hata wao wenyewe hawazisomi, sasa mi na we ufunguo tulipeana lini?" Nikacheka kwanza. Afu nikaona mzee kauliza la maana kweli, maana hilo swali liliwasumbua watu wa siri za serikali miaka na miaka.

Zamani ukitaka kutuma siri ilikuwa lazima wewe na mwenzio muwe na ufunguo unaofanana, wa kufungia ndo huohuo wa kufungulia, kwaiyo kabla ya siri yenyewe inabidi mkutane au mtume mtu wa kuaminika apeleke ufunguo. Nikamwambia mjomba chukulia unataka kunitumia hela ya korosho kwenye kisanduku, unampa konda wa basi. Ukifunga, ufunguo unao wewe huko Newala na mi huku sifungui, ukimpa konda na ufunguo ndo hujafunga kitu. Sasa dawa yake ni mi ndo nikutumie kufuli langu, zile za kubonyeza, likiwa wazi, ufunguo nabaki nao mfukoni. Konda akiliona aone tu, kufuli wazi atalifanyia nini. We unaweka hela unabonyeza ka! na kuanzia hapo hata wewe mwenyewe ukikumbuka umesahau kuweka kikaratasi ndani, basi tena, hufungui. Hilo kufuli la wazi ndo wanaliita ufunguo wa umma, naweza nikaligawa soko zima, na huu wa mfukoni ndo ufunguo wa siri.

Wazo la kwamba mpokeaji ndo atoe kufuli lilimjia Mwingereza mmoja James Ellis, injinia wa GCHQ, ile idara yao ya kunasa na kulinda mawasiliano iliyopo Cheltenham, akaliandika 1970. Ila kufuli la hesabu hakuwa nalo, alijua tu kwamba linawezekana. Mwaka 1973 akaajiriwa pale kijana wa miaka 22, Clifford Cocks, kasoma Cambridge, kaenda Oxford kwenye mambo ya namba, na 1968 alishapata medali ya fedha kwenye mashindano ya hesabu ya kimataifa ya wanafunzi. Mwenzake akamdokezea hilo fumbo. Akaenda nalo nyumbani jioni, na sheria ya kazini kwao ni kwamba ya ofisini huandiki nyumbani, kwaiyo jamaa kalifanya kichwani tu, karibu nusu saa, akalala nalo hivyohivyo bila karatasi mpaka asubuhi kazini ndo akaandika. Watu wanamsifia ile nusu saa, mi naona kilichomsaidia zaidi ni kwamba alitoka moja kwa moja kwenye namba tasa na zilikuwa bado za moto kichwani.

Namba tasa ni zile hazigawanyiki ila kwa 1 na zenyewe, 3, 11, 47 na kuendelea. Ujanja wake ni huu, kuzidisha rahisi kurudi nyuma kazi. 47 mara 59 unapata 2773 sasa hivi tu, ila nikikupa 2773 nikakwambia nitafutie wazazi wake utakaa hapo. Na za kweli zina tarakimu zaidi ya 600. Nikamuonyesha mjomba kwa kalkuleta ya simu, nachukua 3 na 11, nazidisha napata 33, hiyo naitangaza pamoja na namba 3 nyingine, ndo kufuli. Siri ya mjomba ni 4. Anafanya 4 mara 4 mara 4 inakuja 64, anatoa 33 inabaki 31, ananitumia 31 hata kwa kupiga kelele stendi. Mi kwa kuwa nawajua wazazi wa 33 napunguza moja moja, 2 mara 10 ni 20, natafuta namba ambayo mara 3 inapita 20 kwa moja, ni 7, huo ndo ufunguo wangu. Natafuta 31 kwa kipeo cha 7 inakuja 27512614111, nagawa kwa 33, baki ni 4. Mjomba akarudia mwenyewe mara mbili hajaamini. (Ya Cocks ilitofautiana kidogo na hii, ila damu ni moja.)

Afu ikawaje? Ikafungiwa kabatini. 1974 mwenzao Malcolm Williamson akapata njia nyingine, nayo kabatini. Huku Marekani Diffie na Hellman wakatoa ya kwao 1976, inayofanana na ya Williamson, na 1977 Rivest, Shamir na Adleman wakatoa hii ya namba tasa, ikaitwa RSA kwa herufi zao, ikawapa sifa na hela, na Cocks anaangalia tu hawezi hata kusema. Serikali ya Uingereza ilikuja kuruhusu Desemba 1997, miaka 24 baadaye, na Ellis masikini alikuwa amefariki Novemba hiyohiyo.

WhatsApp yenyewe haitumii namba tasa za Cocks, iko kwenye ukoo wa Diffie na Williamson, ila jibu la mjomba ni lilelile, simu zetu zilipeana makufuli ya wazi zenyewe.

Akanyamaza kidogo, afu: "Na konda akilitupa kufuli lako akaniletea la kwake, mi ntajuaje?" Hapo nilishika kichwa, maana huo ndo udhaifu wenyewe. Nikafungua chati yetu, nikagusa jina lake, kwenye sehemu ya usimbaji fiche (encryption) kuna namba ndefu ya tarakimu 60 inayotokana na makufuli yetu mawili, tukaweka simu mbili juu ya mkeka, yeye anasoma mi nafuatisha, zikalingana zote.