Faili moja, pakeji mbili: ushauri wa dpkg unaoharibu mashine za watu

Kama unatumia Ubuntu au Debian hii unaijua, unainstoli kitu kwa apt, inafika katikati dpkg (programu iliyo chini ya apt, ndo inayoweka mafaili yenyewe) inagoma, inakwambia inajaribu kuandika juu ya faili ambalo tayari limo kwenye pakeji nyingine. Hapo kila mtu anakuja na dawa yake, na nyingi ya hizo dawa zinaumiza watu.

Dhana: pakeji imeharibika, idaunilodi upya

Hata ukiidaunilodi mara kumi jibu ni lile lile. dpkg ina orodha ya mafaili ya kila pakeji, zipo /var/lib/dpkg/info, na kwake faili moja lina mwenyewe mmoja (folda hazina shida, /usr/bin inatumiwa na pakeji kibao). Andika dpkg -S alafu njia ya hilo faili, itakutajia mwenye nalo. Anzia hapo.

Dhana: weka --force-overwrite yaishe

Hii ya kuilazimisha dpkg iandike juu ya faili la pakeji nyingine ndo inaniuma zaidi, maana ilinikuta. Steshenari tuliweka draiva ya printa tuliyoitoa kwenye saiti ya watengenezaji, ikagongana na faili moja la /usr/lib/cups/filter (folda ya CUPS, mfumo wa kuprinti wa Linux), nikalazimisha, ikakubali, printa ikapiga kazi vizuri tu. Miezi kadhaa mbele ile printa ikafa, nikaitoa draiva yake, na siku hiyo hiyo printa nyingine ikaacha kuprinti, wanafunzi wamejaa na fleshi zao mkononi. Kilichotokea ni kwamba ukilazimisha, faili la zamani linafutika na umiliki unahamia kwa pakeji mpya, sasa ukija kuiondoa hiyo mpya inaondoka na faili lake na la zamani halirudi lenyewe. Nilipona kwa apt install --reinstall cups-filters (pakeji iliyokuwa na lile faili mwanzo), ila saa tatu zilishapotea. Na kama ulishalazimisha huko nyuma, kabla hujatoa hiyo pakeji andika pembeni jina la ile iliyonyang'anywa.

Dhana: kosa ni la mtumiaji

Mara nyingi ni la aliyetengeneza pakeji. Faili lilikuwa kwenye pakeji kuu, toleo jipya kalihamishia kwenye pakeji ya data, hapo anatakiwa aandike Breaks na Replaces (mistari kwenye maelezo ya pakeji, inayosema inagongana na toleo lipi la zamani na inachukua mafaili ya nani) pamoja na namba ya toleo ili dpkg ijue ni uhamisho halali. Akisahau unaumia wewe, kwahiyo ripoti hiyo bagi (hitilafu) usikae kimya.

Dhana: majina yakigongana, weka Conflicts

Conflicts nayo ni mstari wa aliyetengeneza pakeji, inamnyima mtu kuwa na pakeji zote mbili, na sera ya Debian haikubali itumike kwa programu za kazi tofauti zilizogongana jina tu. Node.js (ya kuendesha JavaScript) ilikuta jina node limeshachukuliwa na programu ya watu wa redio, ndo maana kwa miaka kwenye Debian ulikuwa unaandika nodejs, mpaka baadaye ikaja kupewa jina lake. Hadi leo ukiinstoli bat (ya kusomea mafaili) ukaandika bat unaambiwa haipo, unahisi haijaingia, kumbe inaitwa batcat kwasababu bat ilikuwa na mwenyewe. fd (ya kutafuta mafaili) nayo ni fdfind, sababu ile ile.

Zikiwa zinafanya kazi moja, mfano nano na vim za kuhariri maandishi, hapo kuna update-alternatives, /usr/bin/editor ni kiungo tu na unachagua kielekee wapi, hakuna anayemfuta mwenzake.

Dhana: mafaili yakifanana kabisa hakuna shida

Kwa RPM (mfumo wa pakeji wa Fedora na wenzake) ni kweli, inaruhusu. dpkg hapana, isipokuwa pakeji ile ile ya amd64 (biti 64) na i386 (biti 32) iliyowekewa Multi-Arch: same, yaani ruhusa ya kukaa zote mbili kwenye mashine moja, wale wa Wine na Steam wanazijua, na hapo lazima mafaili yafanane baiti kwa baiti, hata tarehe iliyobaki ndani ya faili la gzip (lililobanwa) inatosha kugomesha kila kitu.